Mgonjwa anayelishwa kwa mrija: kichefuchefu kisimnyime chakula

Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi, na ukanda wa magharibi hausazwi. Mgonjwa anapotoka Kisumu au Eldoret baada ya matibabu ya mionzi au dawa, huenda akarudi Port Victoria akiwa na mrija wa kulishia, uliopitishwa puani au kwenye ngozi ya tumbo. Siku chache baadaye kichefuchefu kinamshika, anatapika, na jamaa kwa huruma wanaamua kumpumzisha na chakula. Kumbe mwili uliotoka kwenye matibabu unahitaji lishe ili upone.

Mara nyingi tatizo ni mwendo wa kulisha. Chakula kikisukumwa kwa nguvu, tumbo hujaa ghafla. Ondoa kisukumio cha sirinji, iinue juu kidogo ya tumbo, mimina na uache chakula kishuke chenyewe kwa dakika 20 hadi 30. Kisiwe cha moto wala baridi. Kiasi alichoagiza mtaalamu wa lishe kinaweza kugawanywa katika milo midogo sita badala ya mitatu mikubwa. Mgonjwa aketi, au aegemezwe kwa mito, wakati wa kula na kwa angalau dakika 30 baadaye.

Kichefuchefu kikianza katikati ya mlo, simama. Subiri kama saa moja, kisha uendelee polepole. Dawa ya kukizuia, kama ameandikiwa, hufaa zaidi ikitolewa dakika 30 kabla ya mlo. Uliza pia kuhusu choo: anayetumia mofini huvimbiwa, na kuvimbiwa huleta kichefuchefu.

Omena ni protini ya bei nafuu hapa ufuoni, lakini mifupa yake huziba mrija. Isagwe iwe laini kabisa, ichanganywe na uji mwepesi wa wimbi, kisha vyote vichujwe kwa chujio la chai. Kuna wanaoongeza maji mpaka uji uwe kama chai. Hapo tumbo hujaa bila mwili kupata nguvu. Maziwa na mafuta kidogo ya kupikia huongeza nguvu bila kuongeza wingi, ila muulize kwanza mtaalamu wa lishe.

Kabla na baada ya kila mlo, pitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji ya ziwa au ya mto Nzoia yasitumike bila kuchemshwa, hasa msimu wa mafuriko. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa 2 kimwagwe. Tembe zisisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia, kwani nyingine huharibika zikisagwa.

Mwenye mrija wa puani aangaliwe alama iliyo karibu na pua kabla ya kila mlo. Ikiwa imesogea, au akikohoa na kukosa pumzi, usimlishe. Mpeleke hospitalini mara moja. Mrija wa tumboni ukichomoka, usiurudishe mwenyewe. Funika tundu kwa kitambaa safi na umfikishe Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Port Victoria haraka, kwa sababu tundu linaweza kuziba ndani ya saa chache. Anayetapika siku nzima, au asiyepata choo wala kukojoa, naye asingojee kliniki ijayo.

Majirani wengine husema mrija ni dalili ya mwisho. Wapo waliouvaa kwa miezi, wakaondolewa walipoweza kumeza tena.