Nani Amsalimu Nani? Adabu ya Salamu katika Njia za Msitu wa Karura

Utangulizi

Salamu ni miongoni mwa mada za awali anazofundishwa mwanafunzi wa Kiswahili, na aghalabu ndiyo anayoiacha mapema zaidi. Hukariri "hujambo" na "sijambo", kisha huhamia ngeli na nyakati akidhani kuwa amehitimu. Hata hivyo, kujua maneno ya salamu si kujua kusalimu. Tofauti hiyo hudhihirika pale watu wasiojuana wanapopishana kwa mwendo usiolingana.

Msitu wa Karura, ulio kaskazini mwa katikati ya jiji la Nairobi, ni mfano mwafaka. Ndani ya hekta zake zipatazo 1,000 hupita wakimbiaji, waendesha baiskeli na watembeaji. Makala hii inachunguza maswali matatu yanayozuka hapo: nani aanze kusalimu, salamu iwe ndefu kiasi gani, na je, kuomba njia ni kusalimu?

Nani aanze?

Kaida iliyozoeleka ni kwamba mdogo huanza kwa "shikamoo" na mkubwa hujibu "marahaba". Kaida hii hutegemea umri, lakini umri wa mtu aliyevaa kofia ngumu na miwani myeusi juu ya baiskeli hautambuliki kwa wepesi.

Waswahili wa pwani wana kaida nyingine, itokanayo na mafundisho ya Kiislamu yaliyomo katika mkusanyiko wa hadithi wa Bukhari: aliyepanda humwanza atembeaye, atembeaye humwanza aliyeketi, nao wachache huwaanza wengi. Ikitazamwa kwa jicho la isimujamii, kaida hii haiulizi umri wala cheo. Inamtwika wajibu yule ambaye, kwa wakati huo, ana uwezo zaidi wa kumtisha au kumdhuru mwenzake. Kwa msingi huo, huko Karura mwendesha baiskeli amwanze mkimbiaji, mkimbiaji amwanze mtembeaji, naye mtembeaji amwanze aliyepumzika chini ya mti. Mmoja akikuta kundi, yeye ndiye aseme "hamjambo", nao wajibu "hatujambo".

Salamu na mwendo

Salamu za Kiswahili ni za kujibizana, na kila jozi ya usemi na jibu huhitaji muda. Watembeaji wawili wanaokabiliana, kila mmoja akienda kilomita 5 kwa saa, huchukua takriban sekunde 7 kukutana kutoka umbali wa mita 20. Muda huo unatosha kuulizana hali na habari za asubuhi. Baiskeli iendayo kilomita 20 kwa saa, ikikabiliana na mtembeaji kutoka umbali uo huo, humfikia kabla ya sekunde 3 kutimia. Hapo "habari" na "nzuri" ndicho kipimo chake.

Hivyo, ufupi wa salamu njiani si lazima uwe utovu wa adabu. Mkimbiaji anayetweta akiinua mkono au akitikisa kichwa amekwisha kujibu. Kinyume chake, salamu ndefu kupita kiasi huweza kugeuka bughudha, hasa mgeni anapomwandama kwa maswali mwanamke anayekimbia peke yake. Salamu humtambua mtu, kisha humwacha aende zake.

Kuomba njia

Ugumu mkubwa zaidi hutokea pale mwenye kasi anapotokea nyuma. Anayepitwa haoni, na kengele inayolia ghafla humshtua, pengine akaruka upande uleule inakopitia baiskeli. Kwa haja hii Kiswahili kina neno "simile", ambalo hamali wa mwambao huliita wanapopita na mizigo katika vichochoro vyembamba, na ambalo asili yake hunasibishwa na "bismillahi". Si amri ya kumfukuza mtu njiani. Ni tahadhari yenye heshima ndani yake. Likitamkwa mapema, kisha likafuatwa na "asante" wakati wa kupita, hutimiza kazi mbili: humkinga mtu na ajali, na humwonyesha kuwa njia ni yake pia.

Hitimisho

Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba yapo mazungumzo ambayo lengo lake kuu si kupashana habari bali kuwaunganisha watu. Salamu za njiani ni za aina hiyo, ila katika Karura zina uzito wa ziada. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walikabili vipigo wakiupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu huo. Njia iliyookolewa kwa ajili ya umma haiwi ya umma kwa sheria pekee. Huwa hivyo pia pale mwenye baiskeli ya thamani anapopunguza mwendo na kumwanza kwa salamu bibi aendaye kwa miguu.

Walimu wa Kiswahili wanaweza kulitoa somo la salamu nje ya darasa, wanafunzi wakapishana kwa mwendo tofauti na kupima wenyewe nani aanze na aseme nini. Hapo watatambua kuwa wahenga hawakukosea waliponena kwamba muungwana ni vitendo.