SOMO LETU: ZIWA DOGO NDANI YA MKEBE



Mara nyingi kwenye mikutano yetu tunaongea juu ya mazalio ya samaki. Mwenyekiti anasema pale kwenye mafunjo pasivutwe nyavu, wote wanaitikia, na kesho yake nyavu zinavutwa pale pale. Si ubishi tu. Kitu kilicho chini ya maji hakionekani, na kisichoonekana ni rahisi kusahauliwa.

Kwa hivyo leo tunajifunza kutengeneza mfano wa ziwa kwa epoksi. Hii ni dawa ya maji maji. Ikichanganywa na dawa yake ya kugandisha huwa ngumu na angavu kama kioo. Mafundi wa mapambo huitumia kutengeneza bahari ndogo. Sisi tutengeneze ufuo wetu wenyewe.

VIFAA
Mkebe wa plastiki angavu, urefu sentimita 20 na upana 15, udongo wa mfinyanzi, gundi nyeupe ya mbao, rangi, nyasi kavu, epoksi ya kumwaga (si ile ya kubandikia), glavu, vikombe vya kutupa na vijiti.

HESABU KWANZA
Epoksi si bei rahisi, basi tupime kabla ya kununua. 20 mara 15 mara nusu sentimita ni mililita 150 kwa tabaka moja. Matabaka manne ni mililita 600, na udongo utapunguza kidogo. Kama lebo inasema 2 kwa 1, kila tabaka ni mililita 100 za epoksi na 50 za kugandisha. Usikisie. Kipimo kikikosewa, inabaki ikinata milele.

HATUA
1. Finyanga ufuo: upande mmoja juu, mwingine chini. Anika kivulini mpaka ukauke kabisa, ziba nyufa, paka rangi, halafu gundi mara mbili. Sisi mara ya kwanza tulikuwa na haraka. Udongo ulikuwa na unyevu, mapovu yakajaa, na ziwa letu likafanana na mto Kuja wakati wa mvua. Pesa ya kikundi ikaenda hivyo.
2. Simamisha nyasi ziwe mafunjo. Karibu nazo chimba vishimo vya ngege. Ngege dume huchimba kiota penye maji mafupi, na jike hubeba mayai mdomoni.
3. Koroga pole pole kwa dakika tatu au zaidi, kama lebo inavyosema. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza mapovu.
4. Mwaga tabaka jembamba. Weka mbuta wa kopo lililokatwa upande wa kina. Ngoja ligande, mwaga lingine. Omena wawe juu, mbali na ufuo. Funika vumbi lisiingie.

TAHADHARI
Fanyeni kazi mahali penye hewa, watoto wakae mbali. Epoksi mbichi ikigusa ngozi, osha mara moja kwa sabuni na maji. Mtu anaweza kupata upele, na ukishamzoea, hata tone dogo linamrudishia. Usitumie sufuria wala vikombe vya nyumbani. Usiache dawa nyingi iliyochanganywa ndani ya kikombe. Hupata moto hata kutoa moshi. Na mabaki yasimwagwe ziwani kamwe! Yaache yagande kwanza.

KUTUMIA MFANO
Kila kikundi kionyeshe mahali pake. Watu wa Muhuru na Sori waweke ghuba zao. Watu wa Mbita waonyeshe ule mlango wa maji kati ya Rusinga na bara, uliozibwa kwa tuta miaka ya 1980 na kufunguliwa tena daraja lilipojengwa.

Mfano wetu wa pili ulipokamilika, tuliupeleka ufuoni. Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, aliugeuza geuza, akaweka kidole kwenye vile vishimo. Akauliza, "Kumbe sisi huvuta hapa?" Hakuna aliyemjibu. Mkutano wa siku ile ulikuwa mrefu, lakini mwishowe tuliweka maboya.

Msikope pesa mkidhani mtauza mapambo haya. Jaribuni kwanza kwa bilauri moja ya plastiki. Vikundi vitatu vinaweza kuchanga na kutumia mfano mmoja.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Mazalio ya ufuo wetu yako wapi? Nani anayajua?
2. Nyavu za kukokota kutoka ufuoni zimekatazwa na sheria. Mbona bado zinavutwa?
3. Tukifunga sehemu hiyo, ni nani atakayekosa chakula wiki ya kwanza? Tutamsaidiaje?

Swali la tatu msiliruke. Bila jibu lake, maboya hayatakaa.