SOMO LA NYUMBANI: TUKAUSHE NA KUTUNZA BURASHI ZA KUNYOLEA NDEVU

Katika toleo hili tunaendelea na masomo yetu ya kutunza vitu vidogo vya nyumbani. Mtu anaweza kuuliza: burashi ya kunyolea nayo inahitaji somo? Ndiyo, inahitaji, na tutaeleza sababu.

Wakati wa mvua zilizopita, mzee mmoja wa kijiji chetu hapa kambini alituletea burashi aliyoachiwa na baba yake. Alitoka nayo Fizi mwaka 1996, akavuka nayo Ziwa Tanganyika, wakati vitu vingine vyote vilibaki nyumbani. Miaka yote aliitundika kwenye msumari ukutani. Paa lilipoanza kuvuja, akaifunga ikiwa bado imelowa katika mfuko wa nailoni, akaiweka chini ya kitanda. Wiki chache baadaye ilikuwa inanuka, ukungu umeingia, na nywele zinang'oka kwa mafungu. Alituambia: "Wanangu, vita havikuiharibu. Mfuko ndio umeiua." Tulikosa la kumjibu. Yeye ndiye aliyetuomba tuandike somo hili ili wengine wasipoteze kama yeye.

Burashi inaharibika kwa nini?

Burashi nyingi zimetengenezwa kwa nywele za nguruwe, za farasi, au kwa nyuzi za nailoni. Nywele hizo zimeshikwa kwa gundi ndani ya mpini. Nywele za mnyama hunywa maji, na sehemu ya shina, karibu na gundi, ndiyo inayochelewa kukauka. Sabuni ikibaki hapo pamoja na unyevu, ukungu unapata makao, nywele zinadhoofika na kukatika. Nyuzi za nailoni hunywa maji kidogo tu, kwa hiyo hukauka upesi zaidi, lakini nazo huchafuka.

Hatua za kufuata kila mara

1. Suuza kwa maji safi ya uvuguvugu mpaka povu liishe kabisa. Usitumie maji yanayochemka, kwa sababu yanaharibu nywele na kulegeza gundi.
2. Kamua taratibu kwa kiganja. Usizivute nywele wala kuzisokota.
3. Kung'uta maji mara kadhaa, kisha pitisha burashi juu ya kitambaa kikavu, huku na huku.
4. Itundike au isimamishe mahali penye kivuli na panapopita hewa. Ukiitundika nywele zikitazama chini ni vizuri, ukiisimamisha kwa mpini pia itakauka. Jambo kubwa ni hewa.
5. Usiikaushe juu ya moto wala kwenye jua kali. Nywele zitakuwa ngumu na kukatika, na mpini wa mti utapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo, usiache mpini wa mti ndani ya maji.

Maji yetu yakiwa magumu, yaani yale yasiyotoa povu upesi, huacha utando mweupe kwenye nywele. Mara moja moja tia kijiko kimoja cha siki katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, loweka nywele peke yake kwa dakika chache, kisha suuza vizuri.

Kuiweka kwa muda mrefu

Kama hutaitumia, au unasafiri, hakikisha kwanza imekauka mpaka ndani. Ifunge katika kitambaa cha pamba, si nailoni. Iweke juu, mbali na panya, mende na nondo, kwa maana wadudu wengine hula nywele za mnyama. Wakati wa mvua, ifungue mara kwa mara ipate hewa.

Jambo la afya tusilisahau

Kukauka si kuua vijidudu. Magonjwa ya ngozi huweza kupita kutoka uso mmoja hadi mwingine kwa burashi moja. Wembe ni hatari zaidi, kwa sababu damu inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo kila mtu awe na burashi yake na wembe wake, hata baba na mwanawe. Vijana wetu vinyozi, mteja asipokuja na burashi yake, mpakeni povu kwa mikono iliyonawa vizuri.

Pia msitengeneze burashi kwa nywele mbichi za ng'ombe, mbuzi au farasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), askari wa Uingereza na Marekani walipata ugonjwa wa kimeta kutokana na burashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa inavyotakiwa. Wengine walikufa. Vijidudu vya kimeta huishi miaka mingi katika nywele kavu.

Burashi iliyooza haiponi. Ikinuka hata baada ya kuoshwa, itupeni. Mzee wetu alizitupa zile nywele, akaosha mpini, akaukausha kivulini siku mbili. Sasa uko kwenye msumari wake ule ule.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Burashi yetu inalala wapi usiku huu?
2. Ni nani katika nyumba yetu wanaotumia burashi au wembe mmoja? Tutaachaje?
3. Ni kitu gani kingine tulichotoka nacho nyumbani ambacho unyevu unaweza kukiharibu?