BARUA YA MAPENDEKEZO KWA WAOMBAJI WA VYUO VYA TAALUMA

Jirani na Kisanga vipo vyuo vya taaluma, vikiwemo Chuo cha Ufundi Stadi Mikumi, Chuo cha Kilimo Ilonga na chuo cha matabibu Kilosa. Mwombaji wa chuo chochote anapotakiwa kuambatisha barua, yafaa kwanza zitofautishwe barua mbili.

Barua ya utambulisho hutolewa na Afisa Mtendaji wa Kijiji au Kata, nayo huthibitisha makazi. Barua ya mapendekezo huthibitisha uwezo. Kwa hiyo huandikwa na aliyemfundisha mwombaji au kumsimamia kazini. Cheo kikubwa cha mwandishi asiyemfahamu mwombaji hakizibi pengo hilo.

Barua iliyo imara hueleza:

(a) muda na kazi ambayo kwayo mwandishi alimfahamu mwombaji;

(b) tendo moja au mawili yaliyoshuhudiwa. Kusema "ni mchapakazi" hakutoshi; kusema kwamba alitunza daftari la dawa la zahanati mwaka mzima pasipo upotevu kunatosha;

(c) jinsi tendo hilo linavyohusiana na taaluma inayoombwa.

Mwombaji ampe mwandishi nakala za vyeti na muda usiopungua wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Mwandishi asiye na jema la kweli la kueleza akatae mapema, ili mwombaji atafute mwingine. Sifa za uongo humnyima nafasi anayestahili, na hasara yake humfikia mgonjwa au mkulima atakayehudumiwa.