Somo: Kumsaidia Mzee Asimame kwa Miguu Yake

Somo la toleo hili ni la kazi ya mikono. Linawahusu wote walio na baba mzee au mama mzee nyumbani, hasa sisi tuliovuka mpaka pale Mpondwe na sasa tunaishi katika vyumba vya kupanga hapa Nyakiyumbu na Bwera. Ndugu zetu walio Rwamwanja na Kyaka II nao wasome. Someni pamoja na vijana, maana wao ndio wenye migongo ya kufanya kazi hii.

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 48, mstari wa 2. Yakobo alikuwa mgonjwa na macho yake yamefifia. Alikuwa pia mtu aliyehama kwao: njaa ilimtoa Kanaani, akaishi Misri miaka 17 kati ya miaka yake 147. Yusufu alipokuja kumwona na wanawe wawili, mzee alikusanya nguvu zake akaketi kitandani. Yusufu alikuwa mkubwa katika Misri, na watumishi wa kumwinua baba yake kama mtoto mchanga hawakukosekana. Lakini hatusomi kwamba walimwinua. Tuanzie hapo.

Fiziotherapia ni tiba ya viungo kwa njia ya mazoezi, mkao na mikono. Mtaalamu humchunguza mgonjwa, akapanga mazoezi. Msaidizi wake hapangi. Yeye hurudia kila siku yale aliyoonyeshwa, hutazama mgonjwa anavyoendelea, kisha humrudishia mtaalamu habari. Katika nchi kama Uingereza hiyo ni kazi ya mshahara, na wengi wanaoifanya huwahudumia wazee dhaifu. Kwetu wataalamu ni wachache mno. Mzee akitoka hospitali ya Bwera au ya Kagando anarudi nyumbani, na huko msaidizi ni mjukuu au jirani wa kanisani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitalini, ombeni muonyeshwe kwa vitendo namna ya kumwinua. Kuambiwa kwa maneno hakutoshi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa desturi yetu na dawa zinavutana. Mzee akiugua sisi tunamlaza. Chakula kinamfuata kitandani, maji yanamfuata, na akitaka kwenda nje tunambeba. Tunafanya hivyo kwa upendo na heshima, wala siwalaumu. Lakini misuli isiyotumika huyeyuka, na ya mzee huyeyuka upesi kuliko ya kijana. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwalaza wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa, na walikuwa wakila vizuri. Fikirini basi mama mzee mwenye malaria, anayekula kidogo, aliyelala majuma matatu.

Kule Lubero au Beni mama huyo alipanda mlima kila asubuhi kwenda shambani. Hakuhitaji mazoezi mengine. Hapa hana shamba, chumba ni kimoja, na hana sababu ya kuinuka. Miguu yake inaisha kimyakimya. Na sisi tunajua maana ya kukimbia. Tuliona wazee waliobebwa kwa viti, kwa baiskeli na migongoni, na wapo walioachwa nyuma. Hatupendi kulisema hilo mbele yao, ila wao wenyewe wanalifikiri usiku. Mzee anayeweza kufika kwa mkongojo mpaka barabarani, palipo na gari au bodaboda, ana nafasi ambayo aliyelala hana.

Kumwinua kitandani kuna utaratibu. Kwanza mwambie unachotaka kufanya, na umwombe: "Mukaka, tuketi?" Ageuke kwa ubavu, miguu ishuke chini, naye ajisukume kwa mkono wake. Akishaketi, msubiri. Damu ya mzee huchelewa kupanda kichwani, na wengi huanguka kwa sababu waliinuliwa kwa haraka. Achezeshe vifundo vya miguu, avute pumzi ndefu mara chache, akuambie kama anaona kizunguzungu.

Kusimama ndiko kunakokosewa zaidi. Asogee ukingoni mwa kitanda au kiti. Nyayo zikae sakafuni, zirudi nyuma kidogo ya magoti, kisha ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio huinuka. Tazama mwenyewe unavyosimama kutoka kwenye benchi la kanisa, utaona ni hivyo hivyo. Sisi huwa tunamvuta mzee akiwa ameegemea nyuma, halafu tunashangaa ana uzito. Msaidizi asimame upande ulio dhaifu, akunje magoti yake mwenyewe, mkono mmoja ukae nyuma ya kiuno cha mzee. Usimvute kwa kwapa wala kwa mkono. Kwa aliyepooza upande mmoja, bega la upande ule hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hukaa muda mrefu. Hesabuni pamoja: moja, mbili, tatu. Kisha mwache atumie nguvu alizo nazo, wewe uongeze pale tu zinapopungua. Jambo hili ni gumu kwa watoto wenye upendo, maana kumwinua mzima mzima kunachukua nusu dakika, na kumngoja kunachukua dakika tano.

Akiweza hilo, ndilo zoezi lake. Asimame na kuketi mara tano, asubuhi, mchana na jioni, kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani kisiteleze. Wiki inayofuata ajaribu mara sita au saba.

Neno kuhusu mkongojo. Wengi hukata fimbo yoyote na kuishika upande wa mguu unaouma. Ishikwe mkono wa upande wa pili. Mguu wa kulia ukiuma, mkongojo ukae mkono wa kushoto, uende mbele pamoja na mguu ule unaouma. Kimo chake: mzee asimame na viatu, mikono ikining'inia, na kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini funga kipande cha tairi kuukuu. Milima yetu nayo ina sheria yake: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, mguu mgonjwa hutangulia pamoja na mkongojo. Na kandambili zilizolegea ziondoke kabisa, hasa wakati wa mvua.

Kuna mambo ya aibu ambayo lazima tuyaseme. Wazee wengi huacha kunywa maji jioni, wakiogopa safari ya chooni usiku. Kisha wanapata kizunguzungu, na wanaanguka. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao kikawekwa ndoo chini yake, na pazia likafungwa kwa heshima. Tena, kwa wengi wetu mkwe hamshiki baba mkwe. Msilazimishe. Kina baba wa kanisa wapangiane zamu kwa wazee wanaume, kina mama kwa wazee wanawake. Kwa zamu hizo hata binti anayemwangalia mama yake peke yake atapata siku ya kufua na kupumzika.

Kwa yule asiyeweza kuinuka kabisa, mgeuzeni kila saa mbili, usiku na mchana. Kila siku tazameni visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa pia: mahali penye joto, pagumu, au palipobadilika rangi, ndipo kidonda kinapoanzia. Pasikandamizwe tena, wala msipasugue.

Mwisho, kuna siku ambazo mzee hasimamishwi. Akianguka kisha mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika. Msimjaribishe kutembea wala msimkande. Abebwe amelala juu ya ubao au mlango mpaka hospitali. Uso ukipinda ghafla upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, ni kiharusi, aende saa ile ile, msingoje asubuhi. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi ghafla ni hivyo hivyo. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa na joto na kuuma, msilisugue kwa mafuta hata mzee akiomba, maana inaweza kuwa damu iliyoganda ndani. Mpelekeni kwanza akapimwe.