Mfanyakazi akiondoka kwa hasira, haki yake haifi

Bonde letu la Kilombero ni bonde la mpunga, na mpunga unahitaji mikono ya watu. Kuanzia Mang'ula hadi Mlimba wapo vibarua wa mashamba, vijana wa mashine za kukoboa, wauza maduka, walinzi na walimu wa madrasa. Wote hawa ipo siku wataondoka kazini. Wengine wataacha wenyewe, wengine wataachishwa. Je, tunaagana nao vipi?

Nikiwa mwalimu wa dini hapa Ifakara, mara kadhaa nimeitwa kusuluhisha baina ya tajiri na mfanyakazi wake. Kauli ninayokutana nayo zaidi ni hii: "Kaondoka mwenyewe kwa jeuri, hana chake hapa." Wengi wetu tunaona kuwa mtu akiondoka vibaya, basi na jasho alilokwisha kulitoa limefutika. Hilo si sahihi, kidini wala kisheria.

Ipo hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Umar na kuandikwa na Imam Bukhari, ya watu watatu waliozibiwa na jabali pangoni, kila mmoja akamuomba Allah kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa mwajiri. Alimwajiri mtu kwa ujira wa faraq moja, yaani pishi tatu za nafaka, na baadhi ya mapokezi yanasema ilikuwa mpunga. Mtu yule hakuuchukua ujira wake, akaenda zake. Mwajiri hakusema "hana chake". Aliupanda, akavuna, akapanda tena, hata akapata kwa mpunga ule ng'ombe na mchungaji wao. Mwenyewe aliporudi kudai haki yake, akaambiwa ng'ombe wote wale ni wake. Akadhani anafanyiwa mzaha!

Basi amali iliyomfaa mwajiri huyu siku ya dhiki ni hesabu safi ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, atoe au apewe notisi isiyopungua siku 28. Akiondoka alipwe siku alizofanya kazi na likizo aliyoistahiki, na apewe cheti cha utumishi. Mwajiri akimwachisha aliyetimiza mwaka, amlipe kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa miaka isiyozidi 10, isipokuwa katika hali kama ya kuachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mfanyakazi naye asijione yuko huru kufanya atakavyo. Anayetoroka na funguo za stoo katikati ya mavuno, akaacha magunia ya wakulima bila hesabu, amefanya khiyana. Pesa aliyokopa ni deni. Lakini deni huhesabiwa kwa maandishi na mashahidi, halikadiriwi kwa hasira.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, yawepo makabidhiano ya maandishi: funguo, daftari, mali iliyopo, kila upande utie saini. Pili, hesabu ifanywe siku hiyo hiyo, na kama fedha haipo iandikwe tarehe ya kulipa. Tatu, ulimi ufungwe. Kumchafulia mtu jina ili asipate kazi kwingine ni kumkatia riziki, na mfanyakazi kuanika siri za tajiri wake ni dhulma vile vile.

Mwisho nawageukia ndugu zangu wa kamati za misikiti na madrasa. Ustadhi akihama tunamuombea dua nzuri, na posho yake ya miezi kadhaa tunaijibu kwa neno moja: "Malipo yako kwa Allah." Ni kweli, yako kwa Allah. Lakini katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Tujiulize ni nani kati yetu aliye tayari kwa kesi hiyo.

Wabillahi Tawfiq.