Mtandao Ukikwama: Jinsi ya Kujua Hitilafu Iko Wapi

Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayejaza ritani ya ushuru siku ya mwisho, Juni 30, hana muda wa kubahatisha mtandao unapokwama. Wengi hununua bando jingine au humlipa fundi. Kabla ya kutoa pesa, kompyuta yenyewe inaweza kuonyesha shida iko wapi.

Kwanza, fungua dirisha la kuandikia amri. Kwenye Linux huitwa Terminal. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia programu.

Hatua ya 1: Tafuta anwani ya ruta
Kwenye Linux andika: ip route
Soma nambari inayofuata maneno "default via".
Kwenye Windows andika: ipconfig
Soma nambari iliyo mbele ya "Default Gateway". Mara nyingi hufanana na 192.168.1.1.

Hatua ya 2: Ita ruta
Andika: ping -c 4 192.168.1.1
Tumia nambari uliyoipata. Kwenye Windows, ondoa "-c 4". Amri hii hutuma ujumbe mfupi mara nne na kungoja majibu. "0% packet loss" maana yake majibu yote yamerudi. "100%" maana yake hakuna lililorudi: kagua waya, WiFi na ruta. Hapa bando jipya halitasaidia.

Hatua ya 3: Ita nje
Andika: ping -c 4 8.8.8.8
Hii ni anwani ya seva ya Google. Ikiwa ruta imejibu lakini seva hii haijibu, huenda bando limeisha au shida iko kwa mtoa huduma.

Hatua ya 4: Ita kwa jina
Andika: ping -c 4 google.com
Ikiwa nambari ilijibu lakini jina halipatikani, mtandao upo ila kompyuta inashindwa kugeuza jina kuwa nambari. Zima ruta, kisha uiwashe.

Kusoma muda
Neno "time" huonyesha muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu moja za sekunde. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ardhi, na jibu moja lilizidi milisekunde 500. Leo makumi machache ya milisekunde ni kawaida. Nambari ikipanda ghafla hadi mamia, njia imesongamana au data inazungushwa mbali. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, mtandao ulizorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna fundi wa mtaani awezaye kusaidia.

Tahadhari
Baadhi ya seva huzuia ping kwa sababu za usalama. Tovuti moja kutojibu si ushahidi kwamba imezimwa.

Andika saa, asilimia iliyopotea na muda uliosomeka, kisha umpigie mtoa huduma. Asiposhughulikia, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), pamoja na nambari hizo.